Askari Niliyemweka kwa Laini ya Simu

Kabla niwaambie vile nimeaibika leo, acheni kwanza niwaambie juu ya simu ya mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mrefu.

Nilikuwa kijana, nachunga kondoo zake huko nyuma ya Chaka, upande wa mlima. Siku hizo mashamba yote ya pale yalikuwa kwa waya moja ya simu. Waya moja, nyumba nyingi. Simu ikilia, inalia kwa wote. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake: huyu mrefu halafu mfupi, yule mifupi mitatu. Ukisikia si mlio wako, unaacha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na sijaona mtu hata mmoja aliyeifuata. Mpishi wetu, Ndung'u, alikuwa anainua ile simu pole pole kama mtu anayetoa yai chini ya kuku, anaziba mahali pa kuongelea na kitambaa, anasikiza. Jioni tunajua yote. Nani anauza ng'ombe, bibi ya nani amenuna.

Siku moja bibi ya Bwana Mrefu alikwenda kutembelea jirani, akapiga simu kwa shamba lingine huko mbele. Akaanza kumsema Ndung'u. Ati ni mwizi wa sukari. Ndung'u yuko jikoni, simu iko sikioni. Akasahau kwamba anasikiza tu. Akatoa kitambaa akasema, "Memsahib, hiyo ni uongo!"

Alifukuzwa siku hiyo, supu yake ikiwa bado jikoni inachemka. (Tuliinywa sisi. Ilikuwa tamu, haikukosa chumvi.)

Nawaambia hii kwa sababu tangu siku hiyo mimi naogopa waya. Watu wengine wanaogopa nyoka, wengine fisi. Mimi nikiona waya inaingia kwa nyumba najua kuna mtu upande ule mwingine, na sijui amevaa nini wala anataka nini. Kumbukeni hivyo mnaponisoma, mnihurumie kidogo.

Sasa leo. Leo, marafiki, nimevuliwa nguo mchana, mbele ya watu, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Mnajua niko na mtoto mmoja tu. Mama yake alitutoka zamani. Kijana yuko Amerika, alienda kusoma, akapata kazi huko. Mimi namwita Baba. Wale mmezaliwa huku hamtashangaa, lakini kwa yule wa kutoka mbali nitaeleza. Kwetu kijana wa kwanza anapewa jina la babu yake, yaani baba ya baba yake. Kwa hivyo huyu wangu ana jina la baba yangu mzazi. Na baba yako huwezi kumwita kwa jina ovyo ovyo kama unaita mbwa. Tangu azaliwe, kwangu yeye ni Baba. "Baba, kuja ukule." "Baba, funga ndama." Hata siku ya kumchapa nilikuwa naomba msamaha kwanza. Jina lake lenyewe nadhani sijalitamka tangu siku ya ubatizo.

Huyo Baba ndiye aliyenitumia kompyuta. Ilikuja na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, imefungwa kwa blanketi, pamoja na modemu. Modemu ni kisanduku kidogo, kama redio ya mkononi, kina taa nyekundu. Ukikiwasha kinapiga simu chenyewe, halafu kinalia kama paka wawili wamefungwa kwa gunia moja. Wakichoka kupigana, ndio umefika Amerika. Mimi nilikuwa natoa kofia. (Ndiyo, natoa kofia kwa kisanduku. Endeleeni kucheka, mbele kuna mengine.)

Aliyenifungia hiyo mitambo ni Mama Shiku, yule mwenye ofisi ya kupiga taipu pale Chaka. Kwangu kuna tundu moja tu la simu ukutani. Modemu ikiingia, simu inatoka. Basi simu nikaiweka kwa kabati, nikaifunika na kitambaa. Nikaona ni vizuri hata hivyo. Mlango mmoja ni rahisi kulinda kuliko miwili.

Na kila asubuhi nikishakamua, nanawa mikono, nawasha. Barua ya Baba inakuja. Mistari mitatu, minne. Kuna baridi, nimekula, nimelala, wewe je. Nikiipata hiyo, siku nzima nikipakia viazi mgongo hauumi. Nikiikosa, hata uji haushuki. Kitu ninachotaka hii dunia ni hicho tu, siwafichi.

Sasa kuna kijana wa ndugu yangu, wa Kiganjo, anaitwa Githinji. Ni karani kwa ofisi fulani yenye kompyuta. Siku aliyojua nina anwani, amani yangu ikaisha. "Baba Mkubwa, nisaidie mbegu ya viazi." "Baba Mkubwa, ile mbuzi nyeusi bado unayo?" "Baba Mkubwa, tuma barua hii kwa watu saba, usipotuma utapatwa na mkosi." Nilituma mbio mbio. Kesho yake akaleta nyingine, watu kumi na wanne. Ikifika siku ya tatu nimemaliza watu wote ninaowajua, pamoja na kasisi.

Halafu akanitumia picha ya fataki. "Fungua, Baba Mkubwa, ni ya kufurahisha." Nikafungua. Fataki zikapasuka vizuri sana, nyekundu na kijani, nikaita mpaka jirani aje aone. Kesho yake kompyuta ikakataa kuamka. Barua zote za Baba, zile za mistari mitatu, zilikuwa ndani.

Mama Shiku alikaa nayo siku nzima. Akaifufua, lakini barua za zamani zilikuwa zimekwenda. Akaniangalia vile daktari anaangalia mlevi.

"Mzee Mathenge, hii boma yako haina lango. Laini iko wazi. Mtu yeyote akitaka anaingia."

Niliwaambia mimi na waya.

"Nifanyie lango," nikasema.

Akatoa diski kwa mkoba. "Hii inaitwa ukuta wa moto. Kila kitu kikitaka kupita kwa laini, kinasimama hapa kwanza, kinaulizwa."

"Kama askari."

"Kama askari."

"Na halali usingizi?"

"Halali, mzee."

"Na mtu hawezi kumpatia chai kidogo ili afungue?"

Mama Shiku akacheka mpaka akashika meza. "Huyu hanywi chai. Barua pia analinda. Niambie tu ni nani hutaki."

"Githinji."

"Nipe anwani yake tufunge hiyo."

"Huyo ako na anwani ya ofisi, na ya rafiki yake, na ingine ya kanisa. Ukifunga hii atatokea kwa ile. Funga jina. Mahali popote umeona Githinji, funga."

"Jina lote? Uko sure?"

"Mama Shiku, unajua Githinji wangapi wanaosumbua hivi? Funga!"

Akafunga. Halafu, na hapa ndipo shetani alivuta kiti akakaa na sisi, akaniuliza, "Akikataliwa aambiwe nini? Mashine inaweza kumjibu yenyewe, kila wakati akiandika."

Nilikuwa na hasira ya fataki. Nikamsomea, yeye anaandika: "Githinji. Hii mlango imefungwa na ni wewe imefungiwa. Wewe ni kupe. Acha kuniita baba, mimi si baba yako. Tafuta shamba yako na mbuzi yako. Usirudi kubisha hapa."

"Mzee, hii si kali kidogo?"

"Weka kupe mara mbili."

Akaweka.

Marafiki, nilikaa kwa amani, ati nimeshinda! Asubuhi nawasha, kimya. Hakuna mbuzi, hakuna mkosi. Ninyi wenyewe nimewasifia huyo askari hapa hapa kwa barua zetu za pamoja, hizi tunazoandikiana kwa kompyuta. Niliandika kwamba haachi hata nzi. Mmoja wenu akaniuliza ni diski gani, naye anunue.

Shida ni kwamba Baba pia akanyamaza.

Wiki ya kwanza nikasema ana kazi nyingi. Wiki ya pili nikasema ni laini. Laini ya kwetu mnaijua. Upepo ukishuka mlimani waya zinapigana, inakatika. Ng'ombe akijikuna kwa nguzo, inakatika. Nikaenda nikagombana na watu wa simu mpaka wakaleta mtu na ngazi. Akapanda nguzo zote mpaka barabarani, akatoa kiota cha ndege, akashuka akasema, "Mzee, laini yako ni safi kuliko ya ofisi yetu." Sikumwamini. Nikahamisha modemu nikaiweka dirishani. Nikaigeuza iangalie upande jua linapozama, kwa sababu nilisikia Amerika iko huko.

Hakuna.

Mtaniuliza, si ungemwandikia wewe? Hapana. Mtoto ndiye anasalimia mzee. Mimi nikianza kumfuata nikiuliza mbona huniandikii, hiyo ni kuomba salamu. Salamu haiombwi. Kwa hivyo nilikaa na kiburi changu na modemu yangu, tunaangalia jua likizama.

Miezi ikapita. Uji haushuki. Suruali ikaanza kuzunguka kiunoni.

Sasa wiki iliyopita akaja rafiki yangu Wahome. Wahome ni wa Ruring'u, anakaa huko juu ya uwanja, tumeuza viazi pamoja tangu tukiwa na meno yote. Binti yake Waithera alikuwa ng'ambo akisoma uuguzi, amerudi, na amepata mtu. Watu wa kijana wangekuja Jumamosi kujua boma, ile ziara ya kwanza ya posa. Wahome hakuwa amelala.

"Kuja ukae upande wangu," akaniambia. "Wewe uko na mdomo. Wakifika langoni uwaulize maswali. Lakini polepole, Mathenge. Huyu ndiye msichana wangu wa mwisho na nataka aolewe, sitaki waogope wakimbie."

"Ni watu wa wapi?"

"Upande wa Kieni, halafu wengine Karatina kwa mjomba wake. Kijana anaitwa Githinji."

"Githinji!" nikasema. "Chunga sana. Mimi niko na Githinji mmoja, nimemfungia nje na mashine."

Tukacheka. Nilicheka, wenzangu, mpaka nikakohoa.

Basi leo nikavaa koti, nikapiga viatu rangi, nikachukua fimbo, nikafika Ruring'u mapema. Lango la Wahome ni la mabati, refu, huoni nje hata ukisimama kwa vidole. Wanawake walikuwa wamepanga mstari ndani na nyimbo zao. Chakula kilikuwa tayari, sufuria zimefunikwa. Mimi nikapewa kiti karibu kabisa na lango. Nikajiona waziri.

Wageni wakachelewa. Chakula kikaanza kupoa. Wahome anatembea anaenda mpaka choo anarudi, anaenda anarudi. Waithera akachungulia dirishani, macho mekundu.

"Baba, na wakikosa kuja?"

"Watakuja," Wahome akasema. Halafu akaninong'oneza, "Mathenge, nasikia kuna maneno. Ati baba ya kijana hakubali. Kama nyumba yao imegawanyika, nitampeleka msichana wapi? Uliza hiyo kitu mpaka mwisho. Usiache."

Nikamwambia aniachie.

Mwishowe tukasikia magari. Milango ikafungwa, watu wakakohoa. Wanawake wetu wakaanza kuimba, wale wa nje wakajibu, lango likapigwa. Nikasimama. Nikagonga mabati na fimbo.

"Mnabisha kwa nani?"

"Kwa wenye boma," sauti ya mzee ikajibu. Sauti hiyo niliisikia mahali, lakini kwa zile nyimbo ningejuaje?

"Mnataka nini?"

"Tumepita tukaona ndama mzuri hapa. Tunauliza kama ni wa watu."

"Ni wa watu, na hawana haraka. Ninyi ni nani? Mlango haufunguliwi tu kwa sababu mtu anajua kubisha. Mimi nyumbani niko na askari haachi hata nzi!"

Watu wa Wahome wakapiga makofi. Huko nje wakanyamaza. Sasa najua kwa nini walinyamaza. Wakati ule nilidhani wameogopa, nikaongeza sauti.

"Baba ya kijana yuko hapo?"

Nikasikia viatu vikisogea kwa changarawe.

"Nimeuliza baba yuko?"

"Hayuko," ile sauti ikasema, polepole.

"Amekufa?"

"Hapana. Ako hai. Anakula viazi yake kila siku."

"Basi kwa nini hakuja?"

"Mzee, tuingie kwanza, tutaongea tukikaa."

Nikamwangalia Wahome. Akatikisa kichwa, kwamba nisiache. Wanawake wakaacha kuimba. Unasikia hata kuku.

"Mtaongea hapo hapo," nikasema. "Msichana hatoki kwa nyumba iliyo na baba mmoja aende kwa nyumba isiyo na baba. Sema."

"Basi nitasema kwa sababu umetaka," ile sauti ikasema, na nikasikia kama inatabasamu. "Baba yake alimkataa. Kijana alimwandikia amwambie amepata msichana. Akajibiwa, mimi si baba yako. Akaandika tena. Akajibiwa usirudi kubisha hapa. Kila mara akiandika ni maneno hiyo hiyo. Ameitwa kupe. Mara mbili kwa barua moja."

Ngojeni. Najua mnauliza kama sikusikia. Nilisikia! Lile neno kupe lilinigusa hapa, lakini lilinigusa kama jambo la mtu mwingine. Mimi nilikuwa ninafikiria kijana wangu, yule asiyeniandikia, na hapa kuna mzee anaandikiwa na mtoto na anamtukana. Machozi yakanijia. Nikashika mabati na mikono yote miwili.

"Baba gani huyo?" nikapiga kelele. "Mimi niko na mtoto mmoja, miezi mingi hajanitumia hata neno, na kila asubuhi nafungua nione! Na huyo anatumiwa barua anafukuza! Huyo si mzee, huyo ni jiwe. Angekuwa hapa ningemkataza hata kukalia kiti. Aitwe mbele ya watu aseme jina lake!"

"Asante," ile sauti ikasema. "Umesema vizuri sana. Sasa mzee unayeuliza, na wewe tujulishe. Jina yako ni nani?"

"Mimi ni Mathenge wa Chaka, na siogopi mtu!"

Huko nje mtu mmoja alianza kucheka, akazibwa mdomo. Nikasikia mwanamke akimwita Mungu, "Ai, Ngai."

"Wahome," ile sauti ikaita, "fungua lango tafadhali. Mzigo wetu umepatikana."

Wahome mwenyewe akavuta komeo.

Wa kwanza kuingia ni Kabui. Kabui ni ndugu ya marehemu bibi yangu, wa Karatina. Hatujaongea tangu mazishi, kwa sababu ya maneno ya mahali pa kuzika, na sitaki kuyafungua hapa. Alikuwa amevaa kofia nyeupe na anameta uso mzima kama mtu aliyekula mafuta. Nyuma yake, na suti ya kijivu, amekonda, ni Baba.

Nikatoa kofia, nikairudisha kichwani.

"Huyu ndiye anauliza baba ya kijana yuko wapi," Kabui akaambia watu wote. "Mimi pia nimekuwa nikijiuliza."

Wahome akaniangalia, akaangalia Baba, akaniangalia tena. Yeye naye miaka yote amenisikia nikisema Baba hivi, Baba vile. Jina la kijana hakuwahi kulijua.

"Mathenge. Ni wewe?"

"Ni askari," nikasema.

"Askari gani?"

"Wa mashine. Mashine ndiyo iliandika."

"Mashine ya wazungu!" Kabui akasema. "Mashine ya wazungu inajua kupe wa Kieni! Tafuta shamba yako na mbuzi yako, hiyo ni mashine? Nyumba yote inajua hiyo ni mdomo ya nani."

Wanawake wakaanza. Wale wa ndani na wale wa nje, pamoja. Mmoja alikaa chini kabisa. Ni Baba peke yake hakucheka. Alikuja mpaka karibu, akainamisha kichwa kama mtoto.

"Nilipiga simu, Baba. Kila wiki. Haikushika."

"Iko kwa kabati."

"Simu iko kwa kabati?"

"Chini ya kitambaa."

Wahome akajifunika uso na mkono. Mimi nikamshika Baba koti.

"Haikuwa yako," nikamwambia. "Naapa. Nisingeweza kukuandikia hivyo. Ilikuwa ya Githinji."

"Lakini mimi ndiye Githinji."

"Githinji yule mwingine! Yule wa Kiganjo! Ni yeye kupe!"

Na nikanyoosha fimbo upande wa Kiganjo. Fimbo ikaishia kwa kifua cha mtu. Alikuwa amesimama nyuma ya Baba na kreti ya soda begani. Kabui akaniambia ndiye aliyemchukua kijana wangu uwanja wa ndege. Ndiye aliyemtafutia gari la leo, akamtafutia suti, akazunguka Kiganjo yote akikusanya watu wa kumsindikiza kwa sababu baba yake amemkataa. Yule wa Kiganjo akateremsha kreti polepole. Chupa zikagongana.

"Baba Mkubwa," akasema, "kwa hivyo ni mimi?"

Hapo sasa hakuna aliyecheka.

"Mjibu kijana," Wahome akasema.

Nijibu nini? Nikisema ndiyo, nimemtukana mtoto wa ndugu yangu mbele ya watu, na soda zake ziko chini. Nikisema hapana, basi kupe ni Baba. Nikawaangalia wote wawili. Wana paji moja la uso, masikio yale yale yaliyosimama. Ni masikio ya baba yangu, aliyeitwa Githinji, na jina lake ndilo walilopewa wote wawili. Ndipo nikaona hesabu yote. Mzee wangu aliyenizaa amesimama mbele yangu mara mbili, na mara zote mbili nimemwita kupe.

"Ngojeni kidogo," nikasema, "nichukue kofia yangu."

Kofia ilikuwa kichwani. Kila mtu aliiona.

Nikapita katikati yao, Githinji huku, Githinji kule, nikatoka kwa lango. Nikapita magari. Nilisikia mtu ananiita nyuma, "Baba!" Sikugeuka. Sikujua ni yupi. Nilipofika karibu na uwanja nikasikia wanawake wameanza kuimba tena, nyimbo za kukaribisha, na hizo haziimbwi kama wageni wamefukuzwa. Basi Waithera ataolewa. Hiyo peke yake ndiyo nimebeba.

Nimeshuka kwa miguu mpaka mjini Nyeri. Nimeingia kwa duka moja lenye kompyuta, natumia anwani yao, na msichana wa hapa ananiangalia kwa sababu napiga herufi na kidole kimoja na pua inanitoka. Huko juu sijarudi na sirudi. Watanitafuta, watachoka, watakula.

Ninyi chekeni, siwezi kuwazuia. Lakini kama kuna mmoja wenu yuko karibu na Ruring'u, tafadhali akimbie kwa Wahome amwambie kijana wangu akitaka kunipata aje kwa miguu, barua asitume. Mama Shiku amesafiri Nanyuki, na askari bado yuko mlangoni.